Chali wa Taifa

Ilikuwako nchi, na kama haikuwako, nawaombeni radhi wote mliowahi kuishi humo. Jina lake silitaji. Siogopi, la, ni kwamba wenyewe walikuwa wakilibadilisha kila Mtukufu alipoamka na ndoto mpya, na mimi sipendi kuandika jina leo halafu kesho likawa kosa la jinai.

Nchi hiyo haikuwa na mambo ya kupiga kura. Wataalamu wake walikaa, wakanywa chai, wakaona kwamba kura ni karatasi, na karatasi hulowa, huchanika na, baya zaidi, huhesabika. Wakaandika katiba fupi kuliko zote duniani: "Siku ya Taifa, atakayebaki amesimama ndiye mtawala." Mengine yakaachwa yajiendeshe yenyewe. Kwa hiyo kila mwaka, siku hiyo ikifika, mtawala alipanda ulingoni katika Uwanja Mkuu akapigana mieleka na yeyote aliyejitokeza kumpinga. Aliyelazwa chali ameshindwa. Aliyebaki wima anakabidhiwa ikulu, jeshi na funguo za ghala la sukari. Wageni walioitembelea nchi ile waliisifu sana demokrasia hiyo, hasa baada ya chakula cha mchana.

Mtawala wa wakati huo aliitwa Mtukufu Bingwa wa Kudumu. Alikuwa mfupi, mwenye tumbo la heshima, magoti yanayolia akipanda ngazi, na umri ambao ulikuwa siri ya dola. Hakuwahi kushindwa hata mara moja. Walikuwapo watu wagumu wa kuelewa waliouliza mzee huyu anawabwagaje vijana wenye vifua vya kubebea magunia, lakini hao walihamishiwa mikoani na majibu yao yakapotelea njiani. Jibu lenyewe lilikuwa rahisi. Lilikuwa linaitwa Chande.

*

Chande Likwata alikuwa mtumishi wa umma. Cheo chake kilikuwa Chali wa Taifa, katika Wizara ya Michezo, Mila na Ushindi, na kazi yake ilikuwa moja tu: kushindwa. Kila mwaka alivikwa kinyago kipya na kupewa jina jipya. Mwaka huu Kifaru wa Magharibi, mwaka ujao Radi ya Visiwani, na kila mwaka akabwagwa. Watu walijua? Walijua. Lakini kujua ni jambo moja na kuona ni jambo jingine, na Chande alikuwa fundi kiasi kwamba hata wanaojua hawakuona.

Msidhani kushindwa ni kulala chini. Kulala chini hata mlevi anaweza. Chande alianza kwa kumpa Mtukufu taabu kidogo: alimzungusha, akamkaba kabali ya uongo mpaka akina mama waliokaa jukwaani wakaanza kushika vichwa, maana ushindi usio na taabu hauna utamu. Kisha, Mtukufu akimgusa kiunoni kwa vidole viwili, Chande alijirusha kwa nguvu za magoti yake mwenyewe na kujipindua hewani, mkono mmoja ukiwa umeushika mkanda wa Mtukufu kwa siri ili mzee naye asidondoke. Akitua, aliupiga mkeka kwa kiganja ukalia kama bati limeng'olewa na upepo. Na yote hayo aliyafanya huku akihakikisha kwamba tumbo la Mtukufu limeelekea mbali na kamera. Uwanja ulilipuka kwa vigelegele, na mzee wa watu akameremeta.

"Kushinda si kazi, Mama Mwajabu," alizoea kumwambia mkewe, Somoe, akiwa anakandwa shingo kwa maji ya moto. "Tafuta mtu dhaifu, umeshinda. Lakini kumwangukia mtu mpaka yeye mwenyewe aamini kwamba amekuangusha, hiyo ni kazi ya mikono."

"Na ya shingo," Somoe alijibu. "Usiisahau shingo, maana ndiyo ninayoikanda mimi."

Somoe aliuza maharage ya nazi sokoni na hakuwa mtu wa kuzungusha maneno. Shingo ya Chande ilikuwa imechoka. Akigeuka kumwangalia mtu, ilimbidi ageuke yeye mzima. Wizara ilikuwa imekubali kwamba mwaka huu aanguke kwa mara ya mwisho, halafu aende zake na mkewe huko milimani alikoolewa binti yao Mwajabu, wakamwone mjukuu ambaye walikuwa wakimsikia tu kwa simu akilia. Chande hakutaka kitu kingine duniani.

Kilichokuwa kinamtisha ni kile kifungu kimoja cha katiba. Siku atakayoshindwa kushindwa, yeye ndiye mtawala. Na Kapteni wa Walinzi wa Mtukufu, kijana mpole sana, alikuwa na desturi ya kumkumbusha kila mwaka kabla ya pambano. "Mzee Chande," alimwambia, "ukitawala adhuhuri, sisi tutakuzika alasiri. Lakini usiwe na wasiwasi. Tutakuzika kwa heshima zote za mkuu wa nchi."

*

Kwa kuwa pambano lilikuwa la mwisho, serikali ilitaka lifane. Kazi hiyo akapewa Profesa Gwasa, Waziri wa Habari na Sifa, mtu aliyesoma ng'ambo mpaka akasahau alikotokea.

"Nyota haionekani mchana," Profesa aliwaambia watangazaji wake. "Tukitaka Mtukufu ang'ae, lazima kwanza tulete giza. Mpinzani wa mwaka huu ataitwa Jinamizi. Andikeni."

Wakaandika. Redio ya Taifa ikatangaza kwamba Jinamizi amezaliwa na meno yote. Ikatangaza kwamba amekula tairi la basi, akalalamika kwamba halikuiva. Watu wakasikiliza midomo wazi. Wiki iliyofuata Mkurugenzi wa Reli akampigia simu Profesa akamwomba msaada mdogo, na jioni ikatangazwa kwamba treni imechelewa kwa sababu ilikuwa ikipigana mieleka na Jinamizi bondeni, ikashindwa. Mawaziri wengine waliposikia, wakaona kumbe kuna neema imefunguliwa. Umeme ukikatika, Jinamizi ameng'ata nyaya. Maji yakikosekana mabombani, Jinamizi alikuwa na kiu. Wizara ya Ujenzi ikatoa tamko rasmi kwamba yale yote ambayo wananchi kwa kukosa uzalendo wamekuwa wakiyaita mashimo ya barabarani ni nyayo za Jinamizi, na kwamba vipimo vinaendelea. Haikuwahi kutokea serikali ikawa haina kosa hata moja kama ilivyokuwa mwezi ule.

Tabu ilikuwa kwa Chande mwenyewe, kwa sababu picha yake ilibandikwa kila ukuta, na safari hii walisahau kumvika kinyago. Alikwenda kwa kinyozi. Kinyozi alimnyoa upande mmoja, akamtazama vizuri kwenye kioo, akatoka mbio kupitia dirishani. Chande akarudi nyumbani na nusu ya nywele, akawa anatisha zaidi. Jirani yake wa miaka mingi alihama akaacha mpaka kuku. Sokoni walimpisha njia pana kuliko ya gari la wagonjwa.

Hao waliomkimbia aliwavumilia. Waliomtia hofu ni wale wengine, walioanza kuja. Walikuja mmojammoja, wakajifanya wanapita tu. Bibi mmoja mwembamba alimkamata mkono mlangoni kwake.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, "tumesikia kwamba treni umeilaza. Basi na huyu mtu wetu hatakushinda. Ukishakaa pale juu utukumbuke na zahanati. Ina daktari mmoja, naye kaenda semina."

"Bibi, shikamoo," Chande alisema. "Mimi ni Chande tu. Mume wa muuza maharage."

"Marahaba. Sema hivyohivyo, baba. Wasikusikie." Akamkonyezea jicho, akaenda zake.

Chande aliingia ndani akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa. Hakuwahi kutegemewa na mtu maishani mwake, ila kwa kuanguka, na moyo ulimuuma vibaya.

*

Sasa, sheria ya nchi ile ilikataza kusikiliza redio yoyote isipokuwa ya taifa, na Mtukufu alikuwa raia mwema. Aliisikiliza asubuhi akinyolewa ndevu, mchana akila, na jioni akikandwa magoti. Siku chache kabla ya Siku ya Taifa alimwita Profesa Gwasa.

"Gwasa, huyu mtu anayekula matairi. Ndiye nitakayepigana naye?"

"Ndiye, Mtukufu. Lakini asikusumbue. Ni Chande tu."

"Chande ni yule anayelala?"

"Huyohuyo, Mtukufu."

"Mbona redio haikusema hivyo? Redio imesema amebwaga treni."

Profesa alicheka kwa adabu. "Mtukufu, hayo ya treni niliandika mimi."

Mtukufu aliweka kikombe mezani. "Gwasa. Unataka kuniambia kwamba Redio ya Taifa, ambayo kila siku inasema mimi ndiye mtu mwenye nguvu kuliko wote, mwenye busara kuliko wote na mwenye sura nzuri, huwa inasema uongo?"

Hapo Profesa, pamoja na shahada zake zote, aliona ardhi imekwisha. Akisema ndiyo, ni uhaini. Akisema hapana, basi Jinamizi anakula matairi kweli. Aliangalia zulia, akaangalia Walinzi mlangoni, akachagua kuishi.

"Hasha, Mtukufu. Redio ya Taifa haijawahi kusema uongo."

"Basi siendi," alisema Mtukufu, akaomba chai nyingine.

*

Habari hiyo Chande aliipata siku yenyewe, akiwa chumba cha kuvalia, mguu mmoja umeshaingia kwenye bukta. Profesa aliingia na Kapteni nyuma yake.

"Mtukufu ana mafua kidogo," alisema Profesa.

"Pole yake. Kwa hiyo tumeahirisha, mheshimiwa?"

"Siku ya Taifa haiahirishwi. Katiba."

"Sasa atakuja nani?"

"Hatakuja mtu. Wewe utaanguka kama kawaida."

Chande alimgeukia mwili mzima. "Nimwangukie nani?"

"Mtukufu."

"Ambaye hayupo."

"Ambaye haonekani," alisahihisha Profesa. "Tusichanganye mambo, Bwana Likwata. Mungu naye haonekani, na unamwangukia kila siku."

"Mheshimiwa, mimi ni fundi tu. Nipeni walau mkono. Nipeni kidole! Mtu hawezi kushindwa na hewa mbele ya uwanja mzima."

Kapteni ndiye aliyemfunga kamba za viatu, kwa upole kama anayemfunga mtoto wake mwenyewe, na alipomaliza akasema, "Mzee, ukibaki umesimama wewe peke yako, unajua sheria. Na kaburi tumekwisha kulichimba, maana vijana hawakuwa na kazi leo."

*

Uwanja ulikuwa umejaa mpaka kwenye nguzo za taa. Bendi ilipiga wimbo wa taifa, ule wa mwezi ule. Jaji Mkuu, ambaye kwa mujibu wa sheria ndiye mwamuzi, alipanda ulingoni na joho lake na filimbi. Alimkagua Chande kucha. Kisha akaenda kwenye kona ya pili, iliyokuwa tupu, akainama kwa heshima, akakagua kucha za hiyo kona na kuridhika nazo. Akapuliza.

Chande alisimama katikati. Watu walitazama kona, wakamtazama Chande, wakatazama mlango wa kuingilia. Dakika ikapita. Kila mtu aliyekuwapo akaikumbuka katiba, kwa sababu ilikuwa fupi.

"Simama tu, baba!" Ilikuwa sauti ya yule bibi mwembamba, kutoka majukwaa ya juani. "Usifanye kitu! Simama tu!"

Na wengine wakadaka. "Simama tu! Simama tu!" Hawakupiga kelele, walikuwa kama wanaomba. Wanaume wazima walikuwa wakilia. Chande aliwasikia wote, na naapa kwamba katika maisha yake hakuwahi kuona aibu na huruma kwa pamoja namna ile. Jambo lenyewe lilikuwa dogo sana. Alichotakiwa ni kutofanya lolote. Lakini alimwona Kapteni akitazama saa, akamfikiria Somoe akiletewa bendera iliyokunjwa, akamfikiria mjukuu wa kwenye simu. Mimi simlaumu. Asiyechimbiwa kaburi ana maneno mengi.

Akaanza kazi.

Alipigwa ngumi ya tumbo akajikunja. Aliburutwa kwa nywele za ule upande uliobaki. Aliponyoka, akamkaba Mtukufu, yaani akaikaba ile hewa kwa upendo wote, akaizungusha, akaachia akijifanya mikono imemlegea. Akapigwa ngwala akapepesuka. Halafu likaja lile tendo lenyewe: akaguswa kiunoni, akaruka. Na kwa kuwa safari hii hakuwa na mzee wa kumshikilia mkanda, aliruka juu kuliko alivyowahi kuruka, akajipindua mara mbili mahali pa mara moja, akatua kwa mgongo na kuupiga mkeka ukalia mpaka nje ya uwanja. Ulikuwa mweleka mzuri kuliko yote aliyowahi kupigwa. Jaji Mkuu alihesabu, akaunyanyua juu mkono wa hewa, na mtangazaji akapiga ukelele kwamba Mtukufu ameshinda tena, tazameni anavyowapungia.

Watu hawakupiga makofi. Walikuwa wameona. Miaka yote hiyo walimwona mtu akirushwa, na leo wamemwona mtu yuleyule akirushwa vilevile, ila mrushaji ametolewa, na hakuna kilichopungua. Kumbe mrushaji alikuwa huyuhuyu aliyerushwa. Kisha yule bibi mwembamba, ambaye machozi yalikuwa bado hayajamkauka, akaanza kucheka.

*

Kicheko hicho hakikubaki uwanjani. Kesho yake mgambo wa jiji alikwenda sokoni kuwafukuza wauza ndizi. Kabla hajainua kirungu, muuza ndizi wa kwanza alijirusha hewani na kujilaza chali kwenye matope. "Uwii! Umeniua, afande! Una nguvu wewe!" Mstari mzima ukamfuata. Mgambo alibaki peke yake, amesimama, kirungu mkononi, hajui ampige nani, maana wote wamekwisha kupigika.

Ikawa ndiyo mtindo. Askari wa barabarani akipuliza filimbi, dereva alishuka akaanguka. Mkuu wa wilaya alihutubia kuhusu kilimo cha mkonge, na aliposema "ndugu wananchi," ndugu wananchi wakaenda chini wote. Walimu walianguka kwa wakaguzi. Wagonjwa walianguka kwa madaktari, lakini wao walikuwa wanaumwa kweli. Hakuna sheria iliyovunjwa. Wanasheria wa serikali walipekua vitabu vyote wakakuta kwamba kumtii mkubwa kabla hajaamuru ni uzalendo wa daraja la juu. Serikali ina dawa ya mtu anayekataa kuangushwa. Ya mtu anayeanguka kabla hajaguswa haikuwa nayo.

Mtu mmoja tu ndiye hakuelewa kinachochekwa, naye ni Mtukufu. Yeye alilitazama pambano kwenye televisheni, ikulu, amejifunika shuka mpaka puani. Lilipokwisha, shuka lilikuwa limeshuka mpaka kiunoni. Akataka lirudiwe. Akataka tena.

"Gwasa," alisema hatimaye, macho yakimng'aa. "Nimempiga sipo. Je, ningekuwapo?"

Akaamuru Siku ya Taifa irudiwe. Safari hii angekuja mwenyewe, amwangushe Jinamizi kwa kidole kimoja mbele ya umma, ili kicheko kikome. Na kwa sababu ya magoti, ulingo wa kupanda ngazi ulifutwa. Jaji Mkuu akatoa uamuzi kwamba Viwanja vya Ikulu vyote, kuanzia ukuta mpaka ukuta, vihesabiwe kuwa ulingo.

Kapteni alikwenda kumchukua Chande nyumbani. "Mzee, leo amri ni mbili," alieleza. "Usipoanguka, tunakuzika. Na ukianguka, watu wakacheka, tunakuzika."

"Sasa mwanangu, hapo mimi nifanye nini?"

Kapteni aliinamisha kichwa. "Hilo hawakuniambia."

Somoe alikuwa jikoni akikuna nazi. Aliacha mbuzi, akaja akamfunga mumewe vifungo vya shati kimoja baada ya kingine, polepole, mpaka cha shingoni ambacho Chande hakukifunga kamwe.

"Baba Mwajabu," alisema, "miaka yote umewaangukia wao. Leo ukianguka, angalia usije ukaumia. Hilo tu."

*

Watu walikuja wote, kwa kuwa waliamriwa na kwa kuwa walitaka. Walibanana ukuta kwa ukuta. Chande aliwekwa katikati yao, kwenye kiduara kidogo. Mtukufu akatokea, amevaa joho la ushindi, akatembea kwenye zulia mpaka akabakiza hatua chache. Bendi ikanyamaza. Jaji Mkuu akapuliza filimbi. Mtukufu akainua kidole.

Viwanja vyote vikaanguka.

Walianguka wazee na vijana, walianguka wapiga tarumbeta na tarumbeta zao. Profesa Gwasa alitazama kulia na kushoto, akaona kusimama sasa ni hatari, akaanguka. Walinzi nao wana wake zao sokoni na wanajua mtindo. Wakaanguka na bunduki. Jaji Mkuu alijilaza taratibu kwa ajili ya joho. Kicheko kilikuwa kinatoka chini kama maji yanayochemka.

Mtukufu alikiangalia kidole chake kwa mshangao na mapenzi. Watu wote hawa, kwa mara moja! Kisha akainua macho, akaona kuna mtu mmoja amebaki amesimama. Jinamizi.

Ukweli ni kwamba Chande alikuwa tayari kuanguka. Magoti alikwisha kuyakunja. Lakini fundi hutazama kwanza mahali pa kutua, na alipogeuka, mwili mzima, akakuta nyuma yake amelala yule bibi mwembamba, kulia kuna watoto, kushoto kuna mjamzito. Kazi yake yote hakuwahi kumwangukia mtu. Nafasi tupu ilikuwa moja tu, pale kwenye zulia, miguuni pa Mtukufu. Akapiga hatua kuiendea.

"Anguka," alinong'ona Mtukufu.

"Naja, Mtukufu," alijibu Chande kwa heshima, akapiga hatua ya pili.

Mtukufu akayakumbuka yote. Meno ya kuzaliwa nayo. Tairi. Treni bondeni. Nchi nzima imelala kwa kidole chake, na huyu mmoja haanguki, anakuja, na kichwa chake kina nywele upande mmoja! Redio ya Taifa haijawahi kusema uongo. Magoti yalilia mara moja, na Bingwa wa Kudumu akakaa chini, kisha akalala, chali kabisa, joho likamfunika uso.

Chande aliganda. Alitazama huku na huku. Katika ulingo ule wote, kuanzia ukuta mpaka ukuta, hakukuwa na kiumbe aliyesimama ila yeye, na katiba alikuwa anaijua. Akajitupa kando ya Mtukufu haraka kuliko alivyowahi kujitupa, wala hakulipiga zulia kwa kiganja.

Kicheko kikaisha. Watu walikuwa wamelala wakitazama mbingu, na taratibu kila mmoja akaanza kuelewa kwamba atakayeinuka wa kwanza ndiye mtawala, na kwamba anayetawala adhuhuri huzikwa alasiri. Hakuna aliyejitikisa. Jua lilikuwa kali. Sijui wangelala pale mpaka lini. Pengine mpaka leo.

Lakini Somoe alikuwa amefika sokoni saa zake za kawaida, sufuria kichwani, akakuta hakuna hata mteja mmoja. Tangu asubuhi moyo haukumkalia, akawafuata huko waliko. Aliingia Viwanja vya Ikulu akapita katikati ya waliolala, akiinua miguu kwa uangalifu, shingo wima, mkono mmoja sufuriani. Mwenye maharage ya moto kichwani halali chali kwa ajili ya mtu yeyote. Alimtafuta mumewe kwa macho, na alipomwona kwenye zulia, kimya, macho yamefumbwa, alitoa sauti ambayo sitaki kuieleza.

Chande akafumbua jicho moja.

"Mheshimiwa mama," alisema Jaji Mkuu akiwa chini, kofia imemwangukia puani. "Kwa mujibu wa katiba, na kwa kuwa ni wewe pekee uliyesimama..."

Somoe hakumsikiliza. Machozi yalikuwa yanamteremka, na sufuria ilikuwa nzito.

"Baba Mwajabu," alisema, "inuka unitue."

Chande akainuka, akamtua. Kapteni akainua kichwa na kuuliza kama maharage ni ya kuuza. Na wanahistoria wa nchi ile, ambao hawakubaliani juu ya jambo lolote, wanakubaliana kwamba "inuka unitue" ndiyo amri ya kwanza ya serikali yao kutekelezwa siku hiyohiyo iliyotolewa.